Uso wa Mama Somoe Kwenye Mbao za Maji

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchora, kabla hamjanunua kalamu za bei mbaya, tafuteni papai bichi. Liwe gumu, la kijani, limechumwa asubuhi hiyo hiyo. Chukueni kisu kidogo chenye ncha, mpitishe mstari mmoja kutoka kwenye kikonyo mpaka kitakoni. Palipopita kisu patatoka utomvu mweupe, na kila mahali mkono uliposita mtapajua, maana pale utomvu umejaa kama chozi. Hakuna kufuta. Ukikosea unatafuta papai jingine, na mwenye mpapai amesimama anakutazama.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mstari, mimi Saidi wa Chiungutwa. Aliyenifundisha ni Mzee Nandenga wa Makote, kule juu Newala, wakati enzi za Mwingereza zinakaribia kwisha nasi hatujui. Baadaye nilichora vitabu vya shule, majalada, mabango, hata lebo za chupa za mafuta ya nazi, mpaka macho yakaanza kunikimbia. Watu wakiona miwani yangu hudhani nilisoma sana. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu lori lilipita barabarani, nami nikataka kujua linakwenda wapi.

Ugonjwa huo wa kutaka kujua haujaniacha, na ndio uliokuwa shule yangu. Masasi nilikaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja, nikimchorea maua ya kofia kwa penseli ili wanaodarizi wafuate mistari yangu. Maua ya kofia huzunguka kichwa kizima, na lile la mwisho lazima likutane na la kwanza. Mimi sikuwa na subira ya kupima. Nilianza mbele kwa mbwembwe, na nilipofika kisogoni nafasi ikawa imebaki ya nusu ua, nikachora nusu. Mzee mmoja aliirudisha kofia yake Jumamosi. Alisema kwa upole kwamba yeye mwenyewe hana neno, hakioni kisogo chake, lakini wanaoswali safu ya nyuma yake hawamsikii tena imamu, wanaitazama ile nusu. Tangu siku hiyo naanza kupima mwisho kwanza. Hata leo ninyi mkichora kwenye kompyuta, ambayo inawapimia kila kitu, bado naziona nusu ua zenu. Zinajificha tu vizuri zaidi.

Kisa cha birika ndicho kilichonitoa Masasi. Palikuwa na hoteli mbili za chai zilizopakana ukuta, moja ya Mzee Bakari na nyingine ya jirani yake, mtu wa kucheka ovyo aliyeitwa Kanduru. Mzee Bakari aliniita nimchoree birika ukutani, kubwa, lionekane tangu kituo cha malori. Nililichora birika la kutamanisha, linatoa moshi, na chai nyekundu inamiminika. Sikufikiria mdomo unaelekea wapi. Ulielekea kulia, na kulia ndiko kwa Kanduru. Baada ya siku chache Mzee Bakari alinisimamisha njiani.

"Saidi, mwanangu," akaniambia, "naona chai yangu yote inamwagikia kwa jirani."

Nilitaka kucheka, ila yeye hakuwa anacheka. Wateja walikuwa wameanza kutaniana kwamba Bakari anapika na Kanduru anakinga. Kabla sijalifuta lile birika, Kanduru naye akaniita. Alitaka nimchoree vikombe ukutani kwake, pale pale mstari wa chai unapoishia. Nami, kwa kuwa wazo lenyewe lilikuwa tamu mno kuliacha, nikavichora. Vilikaa sawasawa chini ya ule mdomo. Mji mzima ulikuja kutazama. Mzee Bakari hakuja. Nikaona ni busara kufunga rangi zangu kwenye baiskeli na kupanda Newala.

Baiskeli ndiyo iliyokuwa duka langu. Nilipita vijijini nikichora simba, maua na majina ya watu kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, na kila mwenye baiskeli kule juu alitaka simba wake awe mkali kuliko wa mwenzake. Nilipofika Makote mnyororo ukakatika. Nilikaa chini kando ya mikorosho, nikiutazama kama atazamavyo mtu asiyejua kitu. Mwenye mikorosho alitokea, mtu mrefu mwenye jembe begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia ni Myao wa Chiungutwa akatikisa kichwa, akasema basi ndiyo maana, Myao hata mnyororo wake unamkimbia. Huyo alikuwa Baba Somoe. Nilikwenda kwake kunywa maji, nikakaa msimu mzima.

Maji yale niliyokunywa sikujua thamani yake. Kule juu ardhi ni nzuri, mihogo inastawi, mikorosho inazaa, lakini maji yako bondeni. Wanawake walishuka alfajiri kwa njia nyembamba ya mtelemko, wakachota, wakapanda jua likiwa kali, na mitungi kichwani. Hakuna aliyekwenda peke yake. Njia ilikuwa na chui, ilikuwa na utelezi, na zaidi ya hayo ilikuwa ndefu mno kwa mtu asiye na wa kuzungumza naye. Kiongozi wa kundi la Makote alikuwa Mama Twalibu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alfajiri alipita mlango kwa mlango akigonga kibuyu kitupu kwa pete yake. Ukisikia kibuyu mlangoni kwako, unatoka. Usiposikia, una neno nao.

Mke wa mwenyeji wangu, Mama Somoe, alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mpana. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Aliniwekea sahani yangu pembeni ya moto kila siku, na nilipochora ukuta wake kwa mkaa bila ruhusa alisimama akatazama, kisha akasema kuku niliyemchora amekonda, nimwongezee tumbo. Usoni alikuwa na nembo. Ninyi leo mnaita nembo ile alama ya kampuni inayobandikwa kwenye mfuko wa sukari. Kwa Wamakonde wa wakati ule nembo ni chale zilizokatwa usoni na kutiwa masizi, mistari iliyopindana kama mawimbi ya ukindu kwenye mkeka, kwenye mashavu na paji la uso. Za Mama Somoe zilikuwa safi mno. Jioni akipepeta au kumenya muhogo nilikuwa nikizifuata kwa macho, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma.

Aliyezikata ni mjomba wake, ndiye huyo Mzee Nandenga. Nilimfuata kama nzi. Kazi yake ilikuwa inapungua, maana mabinti waliokwenda shule walikuwa wanaikataa, na nadhani alifurahi kumpata mtu wa kumwuliza maswali, hata kama ni Myao. Ngozi ya mtu hakuniachia niiguse. Alinipa papai. Nilipolichora la kwanza alilitazama, akalipa kisogo, akaniambia huyo papai kama angekuwa na baba ningeshitakiwa. La kumi na kitu, sikumbuki, alilishika muda mrefu zaidi, kisha akalipeleka likapikwe. Nilijua hiyo ndiyo sifa.

Jambo alilolirudia sana ni kwamba usiuweke mkono kabla hujajua utaupumzishia wapi. Mchoraji anayeinua mkono katikati ya mstari ni kama mtu anayesita katikati ya daraja la gogo. Jaribuni.

Wakati huo serikali ilikuwa inaleta maji juu kwa mabomba. Vijiji vingi vilikuwa vimechimbwa mitaro, na vituo vya kuchotea vilijengwa kwa saruji, vikakaa vikavu vikisubiri mashine za kusukuma kutoka bondeni. Msimamizi wa kazi upande wetu alikuwa Mwingereza kijana, mwekundu, mwenye soksi ndefu, tuliyemwita Bwana Bomba. Alijua tunamwita hivyo, na akalipenda. Siku moja aliona simba kwenye digadi ya karani wake, akauliza nani amemchora. Nikaitwa Newala mjini.

Alitaka mbao za kusimamishwa kwenye kila kituo, kabla maji hayajafika, ili watu wazoee. Maji yatasukumwa kutoka chini kwa gharama, akasema, na bomba likiachwa wazi tanki litakauka. Kwa hiyo achorwe mwanamke anafunga bomba, na chini yake yaandikwe maneno: Funga bomba ukimaliza. Akanisisitizia awe mwanamke wa huku huku, watu wamwone wajue jambo ni lao. Akaongeza kwamba kama kazi ikiwa nzuri, kuna ofisi ya wachoraji Dar es Salaam inayotafuta mtu. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kuna ofisi ambayo watu hukaa vitini wakachora, wakalipwa, wakarudi kesho. Usiku huo sikulala vizuri.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana sijawaambia kuhusu Nachingwea. Lile lori la utotoni lilikwenda huko, kwenye mashamba makubwa ya karanga ya serikali, nami huko karakana nilifundishwa kupaka namba kwenye magari kwa stensili. Unachukua bati jembamba au karatasi ngumu, unalikata umbo, unaliweka juu ya kitu, unapitisha rangi, unainua. Umbo linabaki, na unaweza kulirudia mpaka rangi iishe. Siri yake ni vidaraja. Ukikata herufi O bila kuacha vidaraja viwili vya kushikilia, tumbo lake linadondoka unabaki na tundu.

Basi nilikata stensili ya mwanamke anayefunga bomba. Mikono niliipata haraka. Uso sikuhangaika kuutafuta, nilikuwa nao kichwani. Nilikata nembo ya Mama Somoe mstari kwa mstari, na vidaraja vyake vyembamba kama nyuzi, na naweza kusema mpaka leo sijakata kitu kizuri kuliko kile. Nikapaka mbao zote. Zikapelekwa Newala sokoni, Chilangala, Makote, kila penye kituo. Bwana Bomba alinipa mkono.

Sasa fikirini kama mtu wa kule. Nembo haifanani na nembo nyingine. Mtu akikaribia, hata kama hukumtambua kwa mwendo, unamtambua kwa chale, na unamjua hata fundi aliyemkata. Hakuna aliyesimama mbele ya ubao akasema, tazama mwanamke. Walisema, huyu ni Mama Somoe wa Makote, kazi ya Nandenga. Na alikuwa Makote, na alikuwa Chilangala, na alikuwa sokoni, uso ule ule, macho yale yale, mkono juu ya bomba. Mpaka siku hiyo watu walikuwa wameujua uso mmoja tu unaorudiwa kila mahali bila kubadilika. Ni wa Malkia, kwenye sarafu na kwenye stempu. Na kila mtu alijua Malkia yuko pale kwa sababu vitu vile ni vyake.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee kutoka Chilangala, amebeba jogoo. Alimwamkia Mama Somoe kwa heshima ambayo hata yeye ilimtisha, akaweka jogoo chini, akamwomba bomba lipindishwe kidogo lipite karibu na nyumba ya mama yake mgonjwa. Baba Somoe alicheka mpaka akaketi. Tulimrudishia jogoo wake, akaondoka akiamini tumemkataa.

Wa pili hatukucheka. Wakaja wengine, kisha maneno yakaanza kutembea. Kwamba Mama Somoe amepewa maji. Kwamba ndiyo maana amemlisha yule Myao msimu mzima. Kwamba mtu akikosana naye atafunga, si mkono wake umeuona uko wapi?

Asubuhi moja nilisikia kibuyu kikigongwa kwa jirani wa kushoto. Kisha kimya, nyayo zikapita mlangoni kwetu. Kisha kikagongwa kwa jirani wa kulia. Mama Somoe alikuwa amesimama uani, mtungi mkononi, kata ya nguo ya kuuwekea iko tayari kichwani. Aliwasubiri wapotee, kisha akashuka bondeni peke yake.

Alirudi jua limeshapanda sana. Magoti yalikuwa na udongo. Akaweka mtungi chini, nusu yake imemwagika, akaniita.

"Saidi, mwanangu. Umenipa bomba lisilo na maji, ukaninyang'anya watu wa kushuka nao."

Jioni sahani yangu ilikuwa pale pale pembeni ya moto, na hilo lilinichoma kuliko kama isingekuwepo.

Baba Somoe alitaka kushuka naye, mkewe akamkataza, akisema mume akionekana kwenye njia ya maji ndipo watakaposema kweli wamefungua duka la maji. Binti yao, Somoe, alikuwa ameolewa mbali. Kila alfajiri kibuyu kikaturuka, na kila alfajiri Mama Somoe akashuka peke yake kwenye njia ya chui.

Nilifanya alichokifanya kila mchoraji mwenye haraka tangu dunia ianze. Nilipaka juu. Nilikwenda kwenye ubao wa Makote na kopo la rangi ya udongo, nikazifuta zile chale zote, uso ukabaki laini kama yai. Nikasimama nyuma nikaridhika, sasa ni mwanamke yeyote. Kabla rangi haijakauka watu walikuwa wamejaa. Mwanamke yeyote hawakumwona. Walimwona Mama Somoe amefutwa. Wengine wakauliza serikali imemtoa kwa kosa gani. Mama mmoja mzee akaja nyumbani kutupa pole, akidhani kuna msiba.

Mzee Nandenga naye alikuja. Sijapata kumwona akitembea haraka hivyo. Alisema uso ule aliukata mpwa wake akiwa msichana, akilia, naye fundi akitoka jasho, na damu ile haikumwagika ili Myao aje kuifuta kwa kopo la rangi. Niliinamisha kichwa. Alipomaliza kufoka alikaa kwenye gogo, akaomba maji. Akayanywa taratibu, maana alijua yamekujaje.

"Wewe umekaa hapa msimu mzima," akasema. "Umewahi kumwona mwanamke wa huku yuko kwenye maji peke yake?"

"Sijamwona."

"Basi kwa nini ulimchora peke yake?"

Vijana, nimesoma baadaye vitabu vinene vya mpangilio wa picha, vyenye michoro ya pembetatu na mistari ya macho. Sijakuta swali lililonisaidia kuliko lile. Mimi nilikuwa nahangaika na chale, kumbe kosa lilikuwa kwenye nafasi yote tupu iliyomzunguka.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Twalibu. Alikuwa anatwanga, hakuacha kutwanga. Nilimwambia nataka kuuchora upya ubao wa Makote, foleni nzima ya wanawake, na nawaomba yeye na wenzake waje nimchore kila mmoja kwa uso wake.

"Ili nasi tuwe wenye maji?" akauliza, mchi ukipanda na kushuka. "Tushachoka na mmoja."

"Mama Somoe atakuwa wa mwisho."

Mchi ukapunguza mwendo. "Wa mwisho wapi?"

"Kwenye foleni. Nyuma ya wote."

"Nyuma yangu?"

"Nyuma yako, mama."

Aliusimamisha mchi kwenye kinu, akafuta uso. Nilimwona anafikiri. Mwenye kitu hasimami nyuma ya watu kukingojea, hilo halihitaji shule. Na nadhani, ingawa hakulisema, kuna jambo jingine lilimpita usoni: amekuwa akimruka mlango mwenzake aliyeshuka naye bondeni tangu wakiwa wasichana.

Walikuja. Waliketi kwenye kivuli cha mkorosho wa Baba Somoe wakinicheka, wakinikosoa. Mmoja aliniambia pua yake niipunguze, mwingine alidai mtungi wake ni mkubwa kuliko ule niliochora. Mama Somoe alitoka ndani na kigoda, akaketi nyuma ya wote, pale nilipomwambia. Hakuna aliyemsemesha, na hakuna aliyeondoka. Nilimchora kwa mkono mtupu, bila stensili, chale moja moja, na Mzee Nandenga amesimama begani kwangu akipumua.

Kisha tukakwama. Nani awe wa kwanza? Ujumbe wa Bwana Bomba ulikuwa ni kufunga bomba, lazima mkono wa mtu uwe pale. Nilimwuliza huyu, akakataa. Nilimwuliza yule, akamsukuma mwenzake. Aliye mbele ndiye mwenye kushika bomba, nao walikuwa wameona yaliyompata aliyeshika bomba. Mama Twalibu mwenyewe, aliyependa mbele kila mahali, alisema safari hiyo yeye ni wa pili. Foleni ikawa haina kichwa.

Jibu lilitoka nyuma kabisa.

"Mchoreni Myao," akasema Mama Somoe.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwao tangu kibuyu kilipoanza kuturuka. Mama Twalibu aligeuka akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, na kikawapitia wote kama moto kwenye nyasi. Mwanamume na mtungi kichwani! Tena Myao! Nani katika Newala nzima angeamini kwamba maji ya Wamakonde yamekabidhiwa kwa Myao asiyeweza hata kushikilia mnyororo wa baiskeli? Nani angemwonea wivu? Walinivika kata kichwani pale pale, wakaniwekea mtungi, wakaniambia nijitazame kwenye kioo nijichore. Mama Twalibu alinirekebisha shingo. Mama Somoe alisema midomo nimejichora mizuri kuliko niliyo nayo.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa macho. Kibuyu kikagongwa kwa jirani wa kushoto. Nyayo zikaja, zikasimama. Kikagongwa kwetu, kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyo kawaida, kama mtu anayelipia siku zilizopita. Mama Somoe alikuwa ameshatoka.

Nilizichora mbao zote upya kwa namna hiyo, kila kijiji na wanawake wake, na mbele daima yule yule mwanamume na mtungi. Ilichukua kiangazi kizima. Ile stensili ya bati Baba Somoe aliziba nayo tundu la paa la jikoni. Bwana Bomba aliutazama ubao wa Makote kwa muda, akaniuliza kwa nini mwanamume. Nikamjibu ndivyo walivyotaka wenyewe. Akaupiga picha, akaipeleka Dar es Salaam, na ndivyo nilivyopata kiti changu kwenye ile ofisi. Huko nilijifunza wino, kalamu za chuma, vipimo vya kurasa, na baadaye kila chombo kipya kilichoingia mpaka hivi mnavyovitumia ninyi. Nikipewa kazi yoyote, kitabu au bango, nilianza kwa kuuliza huyu mtu ninayemchora kwa kawaida yuko na nani. Wenzangu walidhani ni adabu.

Lakini siku ya maji nilikuwa bado sijaondoka. Habari ilikuja kwamba mashine zimewashwa bondeni. Makote yote ilikusanyika kwenye kituo, na Bwana Bomba akaja na soksi zake ndefu. Hakuna aliyewapanga wanawake. Walijipanga wenyewe, wakitazama ubao na kusogezana mpaka kila mmoja akakaa nyuma ya yule aliyechorwa mbele yake. Bwana Bomba alikuwa amesikia kisa chote, na kwa moyo mzuri alikwenda mwisho wa foleni kumwomba Mama Somoe aje mbele, achote wa kwanza. Mama Somoe alimkatalia kwa heshima. Alisema nafasi yake ni hapo, na kama Bwana hajui asome ubao.

Mbele palikuwa patupu. Wote wakanigeukia. Mama Twalibu aliniwekea mtungi wake mikononi, akanisukuma.

Nilifungua. Kwanza ilitoka pumzi, bomba likakohoa kama mzee. Kisha maji mekundu ya udongo, kisha yakanyooka, yakawa meupe. Nimechora maji maisha yangu yote na sijawahi kuyapata yale. Yaliingia mtungini yakiimba, sauti ikipanda kadiri mtungi unavyojaa, na mimi nikasimama nikayatazama, nikifikiria njia ile ya mtelemko na magoti yenye udongo. Mtungi ukajaa. Maji yakapanda shingoni, yakamwagika mikononi mwangu, yakaingia kwenye vumbi, yakatengeneza kijito kati ya miguu ya Bwana Bomba. Foleni nzima ilikuwa imeduwaa, inayatazama yanavyokwenda.

Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti isiyo na haraka.

"Saidi. Funga bomba."

Nikafunga.